Kisiki cha Tatu

Ukitoka korongoni kuja Manchali, hesabu visiki.
Cha tatu ni changu.

Nilikikata mwenyewe, mwaka ule
uwele ulipokauka ungali na maziwa.
Shule ilikuwa inadai ada ya Nyemo,
na mkungugu ulikuwa umesimama tu pale,
haumdai mtu, haudaiwi.
Magunia manne na debe moja.
Debe lile nalikumbuka: dalali alilikataa,
akasema ni vumbi, si mkaa,
nikarudi nalo kichwani kilomita tisa
nikikohoa rangi ya usiku.

Miaka minne sasa tangu aje Mazoya wa kamati,
kisu kiunoni, viatu vya matairi.
Akakigonga kisiki kwa ncha ya kiatu.
"Hiki ki hai."
Nilicheka. Nimeua mimi, nisiijue maiti?
Akapiga goti, akapangua majani makavu:
machipukizi kumi na saba,
yametafunwa na mbuzi yakabaki kama miswaki ya msafiri.
"Chagua matano. Mengine ondoa."
Kuchagua!
Mkono huu ulizoea kuchukua yote.

Mke wangu akachana kanga yake tupate alama ya kufungia.
Akachana haraka, kwa meno, bila kusoma.
Kiunoni mwake likabaki MGENI NJOO.
MWENYEJI lilipasuka katikati, kila upande una nusu.
Na pale mtini, mpaka leo, upepo
unakung'uta neno moja zima:
APONE.

Vitawi tulivyopogoa havikutupwa.
Mbeleje alifinyanga jiko la udongo wa kichuguu,
matundu mawili na shingo ya kutolea moshi,
na vijiti vitatu, vitatu kweli, nilihesabu,
vikaivisha mlenda na ugali wa mtama.
Zamani kazi hiyo ilikula nusu mzigo.
Nami, niseme ukweli, wiki nzima nilikosa kitu kwenye chakula.
Chumvi ipo. Karanga zipo.
Ulikuwa ni moshi.
Sikumwambia mtu.

Nyemo alirudi na cheti cha umeme
na paneli moja, ameibeba mgongoni kama mtoto.
Akailaza juu ya tembe, kwenye udongo uleule
tulipozoea kuanika mlenda.
Taa mbili, redio, na simu za majirani kwa mia tatu.
Jumanne moja taa zikafifia saa mbili usiku.
"Mgao umefika hadi kwenye jua!"
Chilongani akapiga kelele uani kwake.
Nyemo akapanda na tochi:
kuku wa Chilongani, ametanda mbawa juu ya kioo,
na kinyesi chake kinasema ameshinda hapo mchana kutwa.
Tangu siku hiyo fagio letu lina kazi mbili,
vumbi na kuku.

Sitaki mseme nimegeuka.
Jana dalali alipita na pikipiki, akazima injini
kwenye kisiki cha tatu. Mashina yote matano yamenipita kimo.
"Mzee, miaka miwili tena, hapo pana gunia."
Gunia na nusu, nikamsahihisha,
ulimi umetangulia, mimi nafuata nyuma.
Akacheka. Akangoja.

Macho yangu hayakuhudhuria semina, bado yanapima.
Lakini nilikuwa nimekwisha kuinama kuokota bonge la udongo,
maana kichakani palikuwa na mbuzi,
shingo ameinyoosha kuielekea APONE,
na faini ya kijiji nimeilipa mara mbili,
na mara zote mbili
mbuzi alikuwa wangu.